Matia Mulumba na Nyumba Yake

1. Njia ya Jumapili

Siku ya Jumapili, jua lisijapanda juu, ukisimama kando ya njia huko Bisibo utaona watu wakienda kanisani. Baba hutangulia, mama hufuata na mtoto mchanga mgongoni, na nyuma yao huja watoto wengine, wamekoga na kuvaa nguo safi, na aliye mdogo kuliko wote hukimbia kidogo kidogo ili asiachwe. Katika nchi za Biharamulo na Ngara jambo hili limekuwa la kawaida, hata watoto hudhani kwamba lilikuwako tangu zamani za kale.

Lakini sivyo. Kila desturi ina mwanzo wake. Kila nyumba ilikuwa na Jumapili yake ya kwanza, siku ile baba na mama walipoondoka na watoto wao kwenda mahali ambapo wazee wao hawakupata kwenda. Majirani waliwatazama. Wengine walicheka, na wengine walikasirika, kwa kuwa waliona ya kuwa nyumba ile imeanza kufuata njia nyingine.

Hapa tutaeleza habari za mtu mmoja aliyeianza njia hiyo pamoja na nyumba yake katika nchi ya Buganda, ng'ambo ya kaskazini ya ziwa letu kubwa la Viktoria Nyanza. Jina lake ni Matia Kalemba, na watu wengi humjua kwa jina la Mulumba. Hakuwa padre wala mwalimu wa shule. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mke na watoto na kazi ya serikali ya nchi yake. Kwa hiyo maisha yake yanafaa kujulikana na watu wote wakaao nyumbani pamoja na jamaa zao.

2. Mtoto aliyetekwa

Mulumba alizaliwa katika nchi ya Busoga, upande wa mashariki wa mto Nili, yapata mwaka 1836. Siku zile Waganda walikuwa na nguvu nyingi, na mara kwa mara walivuka mto kwenda kuteka watu na ng'ombe. Katika vita kama hivyo mtoto huyu alitekwa pamoja na mama yake, wakapelekwa Buganda. Hivyo akiwa bado mdogo alipoteza nchi yake, na ndugu zake, na jina la ukoo wake.

Bahati yake ilikuwa moja. Mtu aliyemnunua, jina lake Magato, alikuwa mwenye moyo mwema. Alimwona mtoto yule kuwa mwaminifu na mwenye akili, akampenda, wala hakumtendea kama mtumwa bali alimlea kama mwanawe. Tena Magato alikuwa mtu wa kufikiri sana. Hakuridhika na ibada za mizimu za siku zile, na kabla hajafa aliwaambia watu wa nyumba yake kwamba siku moja watakuja wageni watakaofundisha njia ya kweli. Kijana aliyashika maneno hayo moyoni mwake, naye hakuyasahau.

Alipokuwa mtu mzima alikuwa na mwili mkubwa na nguvu nyingi, na watu walimheshimu. Akapata kazi kwa mtawala wa jimbo la Singo, ambaye cheo chake kiliitwa Mukwenda. Matia alisimamia nyua na nyumba za mkubwa huyo, na cheo chake yeye ndicho Mulumba. Makao yake yalikuwa Mityana, upande wa magharibi wa mji wa Kabaka. Kama wakubwa wote wa nchi ile, alikuwa na wake wengi, na watumishi, na mashamba ya migomba. Aliyezaliwa mbali na kuletwa kama mateka sasa alikuwa bwana.

3. Mtu atafutaye

Lakini maneno ya Magato hayakumpa raha. Waarabu walipokuja Buganda na bidhaa zao na dini yao, Mulumba aliwasikiliza akaifuata dini ya Kiislamu. Baadaye walikuja Wamisionari wa Kiingereza, na miongoni mwao alikuwako Bwana Mackay, fundi hodari wa chuma na mbao. Mulumba alikwenda kwake pia akajifunza kwa bidii.

Kisha mwezi wa Februari mwaka 1879 walifika Mapadre Wafaransa, watu wa Shirika la Mapadre Weupe. Aliyetangulia alikuwa Padre Lourdel, pamoja na Bruda Amans. Waganda hawakuweza kulitamka vema neno la Kifaransa la kumwita padre, basi wakamwita Mapera, na jina hili limedumu hata leo. Mulumba alikwenda kuwasikiliza hao nao. Hakufanya haraka. Alipima maneno ya kila mwalimu, kama mtu anunuaye jembe apigavyo chuma chake ili asikie mlio. Mwisho aliona ya kuwa hapa ndipo moyo wake utakapotulia, na tarehe 31 Mei, 1880, akaomba kuandikwa miongoni mwa wanafunzi wa dini.

4. Jambo gumu la nyumbani

Sasa wasomaji wajue ya kuwa kusadiki kwa kinywa si kazi kubwa. Kazi kubwa ilikuwa nyumbani mwake. Mapadre walifundisha ya kuwa mume Mkristo awe na mke mmoja tu, na Mulumba alikuwa na wengi. Katika Buganda ya siku zile, wingi wa wake ulionyesha ukubwa wa mtu. Mkubwa mwenye mke mmoja alikuwa kama maskini machoni pa wenzake: nani atalima mashamba yake? Nani atawapikia wageni wake?

Tena lilikuwako jambo la haki. Wanawake wale hawakumkosea. Kuwafukuza tu kungekuwa ukatili, na mtu akianza njia mpya kwa ukatili, majirani wana haki ya kuuliza faida yake ni nini. Mulumba alilifahamu hilo. Hakuwatupa njiani, ila aliwatafutia mahali pa kukaa, kisha yeye akabaki na mke mmoja, jina lake Kikuvwa. Pamoja na Kikuvwa na watoto wao wadogo alianza maisha mapya.

Yalikuwa mapya kweli kweli. Yeye mkubwa hakuona haya kufanya kazi kwa mikono yake mwenyewe. Alifinyanga vyungu, alitengeneza ngozi, alichukua mzigo wake mwenyewe safarini. Mambo haya katika nchi ile yalikuwa ya watumwa na watu wadogo, na wakubwa wenzake walimdhihaki. Lakini kumbukeni ya kuwa Mulumba mwenyewe aliletwa nchini kama mateka. Alijua mzigo ni kitu gani, naye hakutaka kuutwika kichwa cha mwingine kwa ajili ya fahari tu.

Baada ya miaka miwili ya kujifunza, tarehe 28 Mei, 1882, siku kuu ya Pentekoste, alibatizwa akaitwa Matia. Pamoja naye alibatizwa rafiki yake Luka Banabakintu, ambaye naye alikuwa mtumishi wa Mukwenda huko Singo.

5. Miaka isiyo na padre

Hawakupata kufurahi muda mrefu. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule 1882, Mapadre waliona hatari imezidi katika mji wa Kabaka, wakaondoka. Walivuka ziwa kwa mitumbwi, wakakaa Bukumbi, upande wa kusini, karibu na Mwanza. Wakristo wapya wakaachwa peke yao, nao walikuwa wachache, kama makaa machache yaliyoachwa jikoni usiku.

Watu wengi walidhani ya kuwa makaa hayo yatazimika. Padre hayuko, Misa haiko, nyumba ya ibada imefungwa; basi kimesalia nini? Kilichosalia ni nyumba za watu. Katika mji wa Kabaka, Yosefu Mukasa aliwakusanya vijana wa ikulu. Na huko Mityana, Mulumba aliifanya nyumba yake kuwa mahali pa sala. Wale waliotaka kujifunza walikuja kwake, wakafundishwa sala na mafundisho ya dini kama alivyofundishwa yeye mwenyewe. Luka Banabakintu alimsaidia, na pamoja nao Noa Mawagali, mfinyanzi wa Mukwenda, kijana mpole aliyekaa na jamaa yake.

Fikirini jambo hili. Karibu miaka mitatu ilipita, na Wakristo wa Mityana hawakupungua, bali waliongezeka. Mapadre waliporudi mwezi wa Julai mwaka 1885 walikuta bustani waliyoiacha na miche michache imejaa. Wala si mgeni aliyeitunza, ila baba mmoja mwenye mke na watoto, na rafiki zake, katika nyumba za kawaida zenye moshi na vyungu na sauti za watoto.

6. Mwendo wa maili arobaini

Mapadre walipokuwa wamerudi, Misa ikawako tena, lakini ilikuwako katika mji wa Kabaka tu. Kutoka Mityana mpaka huko ni zaidi ya kilometa 60, yaani yapata maili 40. Hapakuwa na gari wala baisikeli. Njia ilipita vilimani na katika vinamasi vyenye mafunjo, na wakati wa masika matope yalifika magotini. Kwenda na kurudi kulimaliza siku kadha wa kadha.

Ingekuwa rahisi kusema ya kuwa ni mbali mno, na kwamba Mungu atawahurumia. Na kwenda wote kila juma kulikuwa hakuwezekani. Nani atachunga mbuzi? Nani atawaangalia wagonjwa na vikongwe? Tena mtoto wa miaka minne hawezi kutembea maili arobaini, wala mama hawezi kumchukua mgongoni mwendo wote huo kila Jumapili.

Basi Mulumba na Luka walifanya shauri la busara. Waliwagawa Wakristo wa Mityana mafungu mawili. Jumapili moja fungu la kwanza lilikwenda Misani pamoja na Mulumba, na fungu la pili lilibaki. Jumapili iliyofuata fungu la pili lilikwenda pamoja na Luka, na la kwanza likabaki. Wale waliobaki hawakukaa bure, bali walikusanyika Mityana wakasali pamoja. Na wale waliokwenda, waliporudi, waliwaeleza wenzao yote waliyofundishwa na Mapadre.

Kwa njia hiyo hapakuwa na Jumapili hata moja isiyo na sala katika Mityana. Mwenye miguu yenye nguvu alitembea kwa niaba ya asiyeweza, na asiyeweza alisali kwa niaba ya yule aliyekuwa njiani. Watoto waliobaki nyumbani walijua wazi baba zao wamekwenda wapi na kwa sababu gani. Mtoto amwonaye baba yake akirudi na vumbi miguuni, amechoka lakini amefurahi, hujifunza neno ambalo kitabu hakiwezi kumfundisha.

7. Siku za hatari

Mwezi wa Oktoba mwaka 1884 Kabaka Mutesa alikufa, na mwanawe Mwanga akatawala mahali pake. Mwanga alikuwa kijana bado. Alisikia ya kuwa Wazungu wananyang'anya nchi za pwani, akaogopa. Wakubwa wake walimwambia kwamba Wakristo ni watu wa Wazungu, na kwamba hawatamtii tena. Tena Wakristo vijana wa ikulu walikataa kumfuata katika mambo mabaya, naye akakasirika sana. Mwezi wa Oktoba mwaka 1885 Askofu Hannington wa Kanisa la Kiingereza aliuawa huko Busoga. Mwezi uliofuata aliuawa Yosefu Mukasa. Mwaka 1886, mwishoni mwa mwezi wa Mei, Kabaka aliamuru Wakristo wakamatwe.

Siku ile Mulumba na Luka walikuwa mjini pamoja na bwana wao Mukwenda. Nafasi ya kukimbia ilikuwako, lakini hawakukimbia. Walikwenda wenyewe kwa Mukwenda, wakafungwa usiku ule. Asubuhi ya tarehe 27 Mei waliletwa mbele ya Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka.

Katikiro alimtazama Mulumba, mtu mzima mwenye heshima, akastaajabu. Alijua ya kuwa vijana huweza kudanganyika, lakini mtu wa umri ule amepatwa na nini? Akamdhihaki kwa sababu ya nyumba yake: kwamba mkubwa kama yeye ameacha wake zake akabaki na mmoja, na kwamba sasa hujipikia chakula mwenyewe. Mulumba hakukasirika. Alimwuliza Katikiro kama ameletwa pale kwa sababu ya kukonda kwake au kwa sababu ya dini yake. Katikiro akatoa hukumu ya kifo, akasema kwa kejeli ya kuwa Mungu wake na amwokoe. Mulumba alijibu ya kuwa Mungu atamwokoa kweli, ila Katikiro hataona jinsi atakavyomwokoa, kwa kuwa Mungu atachukua roho yake na kuwaachia wao mwili tu.

Oneni, ndugu wasomaji, ni jambo gani lililotajwa barazani siku ile. Katikiro hakuanza na mafundisho makubwa ya dini. Alianza na jiko la Mulumba na mke wake. Maana dini ya mtu huyu ilikuwa imeonekana nyumbani mwake, hata adui zake waliiona huko.

8. Mwisho wa safari

Wafungwa walikuwa wakipelekwa Namugongo, mahali pa kuulia watu. Lakini walipofika kilima cha Kampala, Mulumba aliwaambia wauaji kwamba hakuna haja ya kumpeleka mbali. Na wamwue pale pale. Wakakubali, nao walimtenda kwa ukatili mwingi. Walimkata viungo vyake, kisha wakamwacha peke yake majanini ili afe polepole. Inasemekana kwamba siku mbili baadaye watu waliokwenda kukata mafunjo waliisikia sauti yake akiomba maji, lakini walipoiona hali yake waliogopa wakakimbia. Yafikiriwa ya kuwa alikata roho tarehe 30 Mei, 1886. Luka Banabakintu alifika Namugongo, akachomwa moto tarehe 3 Juni pamoja na wengine wengi, Wakatoliki na Waprotestanti.

Na huko Mityana? Tarehe 31 Mei watu wa Kabaka walifika kuwatafuta Wakristo. Noa Mawagali mfinyanzi hakujificha. Alitoka akakutana nao, nao wakamwua. Dada yake Noa, jina lake Munaku, msichana mdogo bado, alipojua ya kuwa nduguye ameuawa aliwaendea wauaji, akawa tayari kufa pamoja naye. Hawakumwua bali walimteka. Baadaye Padre Lourdel alimkomboa, akabatizwa, akaishi miaka mingi akimtumikia Mungu. Wakristo wengine wakatawanyika.

Basi ilionekana kana kwamba kazi yote ya Mulumba imeharibika. Baba ameuawa, rafiki zake wameuawa, nyumba ya sala imenyamaza, mjane amebaki na watoto wasio na baba. Hii ndiyo huzuni ya hadithi hii, wala hatuwezi kuificha. Mtu anaweza kuuliza kama ilikuwa haki kwa baba kuchagua kifo na kuwaacha watoto wake. Lakini Mulumba hakuchagua kuwaacha. Alichagua kutowaambia uongo. Aliwafundisha watoto wake kwa miaka kadha ya kuwa Mungu ni wa kweli. Kama angalikana siku ile barazani, angaliwarudishia baba, lakini angaliwanyang'anya yote aliyowafundisha.

9. Yaliyobaki

Makaa hayakuzimika. Mityana imekuwa mahali penye Wakristo wengi, na leo pana askofu wake. Tarehe 6 Juni, 1920, Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliwatangaza Mulumba na wenzake kuwa Wenye Heri. Tarehe 18 Oktoba, 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Mashahidi hao 22 wa Uganda kuwa Watakatifu. Sikukuu yao ni tarehe 3 Juni. Na miongoni mwao Matia Mulumba huheshimiwa kuwa msimamizi wa watawala na wa jamaa za Kikristo.

Habari hizi zimefika mpaka kwetu kwa njia ya ziwa lile lile. Mapadre wa shirika lile waliokimbilia Bukumbi mwaka 1882 walikuwa na wenzao ambao mwaka 1892 walifungua misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, na kutoka upande huo dini ilienea katika nchi hizi za magharibi ya ziwa.

Basi, mtoto wa Bisibo, ukichoka njiani siku ya Jumapili, na kilima kikionekana kirefu, mkumbuke mtu wa Mityana na maili zake arobaini. Na mvua ikiwazuia nyumbani, au mdogo wenu akiugua, kumbuka pia lile fungu lililobaki: nao walikusanyika wakasali. Kanisa la Mulumba lilikuwa na milango miwili, mmoja mbali mjini na mmoja nyumbani kwake, na nyumba yake yote ilijua njia ya kupita katika yote miwili.

Maswali

1. Mulumba alifikaje Buganda, na nani aliyemlea?
2. Alifanya nini ili asiwatendee vibaya wanawake aliowaacha?
3. Wakristo wa Mityana waligawanywaje siku za Jumapili, na kwa sababu gani?
4. Katikiro alimdhihaki Mulumba kwa mambo gani?
5. Waulize wazee wa nyumba yenu: ni nani aliyetangulia kwenda kanisani katika ukoo wenu, na majirani walisema nini?